Kasha likikataa kuwaka, msikubali lifutwe



Juma hili nimeombwa niandike juu ya kasha letu la kumbukumbu, lile lililokaa siku 17 bila kuwaka. Wengi wenu mmesikia habari zake vipande vipande, sokoni na kwenye kisima, na vipande vingine si kweli. Nitaeleza lilivyokuwa na tulivyofanya. Nitaeleza pia kila nyumba inaweza kujifunza nini hapo, hata nyumba isiyo na kasha, yenye telefone moja tu iliyojaa picha za watoto.

Kwanza kwa wasiolijua. Kasha hili ni kifaa kidogo, ukubwa wake kama mikate miwili iliyobebana. Ndani yake mna diski mbili za kuhifadhi, kama ile iliyomo ndani ya ordinatere. Linaunganishwa kwa waya na ruta, na ruta inatoa waifai. Mtu akiingia nyumbani na telefone yake, hata kama hakuna intaneti kabisa, anaweza kutuma picha ndani ya kasha au kutazama zilizomo. Wenye ujuzi wanaliita NAS. Kaka yangu alilinunua Bukavu likiwa limeshatumika, akanitumia kwa sababu anajua napenda kutunza karatasi. Linakula umeme wa pano ya jua, kupitia batri na konvertisere, saa chache kila jioni.

Lilianza kuwa la nyumba yangu, halafu likawa la chama. Ndani yake tuliweka mambo ya aina tatu.

La kwanza ni picha za daftari la AVEC, ukurasa kwa ukurasa, kila Jumamosi baada ya kuhesabu akiba.

La pili ni picha za karatasi za watoto: cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, buletini za shule. Mnajua sheria yetu inampa mzazi siku 90 za kumwandikisha mtoto aliyezaliwa. Zikipita, inabidi kwenda mahakamani kuomba hukumu. Na mama aliyekimbia vita akapoteza karatasi njiani anajua kuitafuta upya ni safari ngapi na pesa ngapi.

La tatu ni video za wazee wetu. Kumi na moja kati ya hizo ni za bibi mmoja wa upande wa Kabambare. Alikuja Kasongo na binti yake kwa sababu ya usalama, wakakaa kwa jirani yangu. Jioni, baada ya sombe na wali, alikuwa anatuambia hadithi. Aliimba nyimbo za matanga. Alitaja watoto wake wote, walio hai na waliokufa, na mahali kila mmoja alipozaliwa. Alieleza shamba la familia linapakana na nani upande wa mto na nani upande wa njia. Alifariki kabla ya mvua kuanza. Binti yake hana sura nyingine ya mama yake wala sauti yake, ila zile video 11.

Sasa mnaelewa kwa nini Jumatatu ile, nilipobonyeza kitufe na kasha lisiamke, sikulichukua kama jambo la kuharibikiwa na redio.

Dalili zilikuwa hivi. Taa ya buluu iliwaka ikawa inapepesa. Feni ilizunguka. Diski zilianza kuzunguka, nikasikia sauti yake ikipanda, halafu ikakatika. Baada ya muda mfupi zikaanza tena, zikakatika tena. Kwenye telefone, kasha halikuonekana.

Habari ilitembea haraka kuliko mimi. Kufika jioni nilishaambiwa kwamba limekufa, kwamba limerogwa, na kwamba mashine ni kazi ya wanaume. Kwenye kikundi ikawa mbaya zaidi. Mgawanyo wa akiba ulikuwa umebaki majuma matatu, na mama wawili walikuwa na hesabu zisizolingana na daftari, maana kurasa nne zililoana bati lilipovuja. Maneno yakaanza: kasha limezimika kwa faida ya nani?

Hapo mama katibu alisimama, akatoa kadi memori ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa. Tangu mwanzo alikuwa ameomba kila mwisho wa mwezi apewe nakala ya picha za daftari, akaiweke kwake. Tuliitia kwenye telefone, tukasoma zile kurasa nne mbele ya watu wote, na ugomvi ukaisha kabla chai haijapoa. Picha za daftari ni nyepesi, kadi ndogo inazibeba za mwaka mzima. Video za bibi ni nzito, hazikuingia kwenye kadi ile. Zilikuwa ndani ya kasha tu.

Siku ya pili alikuja kijana mmoja anayetengeneza telefone mjini. Sitamtaja, na simsemi vibaya, alikuja kwa moyo mwema. Alitoa diski moja, akaiunganisha na ordinatere yake. Skrini ikaandika kwamba diski haiwezi kusomwa, na ikauliza: je, unataka kuifomati? Akasema, "Mwalimu, si unaona, ni tupu. Niifomati, kasha litawaka upya kama jipya." Kidole chake kilikuwa tayari.

Nikamwambia hapana, toa diski. Nataka kila mama akumbuke neno hili kuliko mengine yote. Kufomati ni kupanga diski upya kama daftari ambalo halijaandikwa kitu. Na swali lile la ordinatere halisemi kwamba diski ni tupu. Linasema tu kwamba ordinatere ile haiwezi kuisoma. Makasha kama haya yanapanga vitu vyao kwa utaratibu wa Linux, na ordinatere nyingi za hapa ni za Windows, ambayo haijui utaratibu huo. Wazee wa Kasongo waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ukimpa mtoto wa leo barua kama ile, mtoto aliyesoma herufi za Kizungu tu, atakuambia ni michoro. Je, utachukua barua ya babu uifute kwa sababu mtoto hajui kuisoma? Utamtafuta anayejua.

Kwa hiyo tulilifunga kasha, tukakaa chini kufikiri.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa jambo kuhusu mtoto asiyesoma. Usianze kwa kusema hana akili. Anza na yaliyo nje na yaliyo mepesi: je, amekula? Anaona ubao? Anasikia? Anakaa wapi darasani? Ukibadilisha, badilisha jambo moja, ukae ulitazame kwa siku kadhaa, uandike. Ukibadilisha matano kwa mara moja, hata mtoto akipona hutajua dawa ilikuwa ipi. Niliona kifaa kinaweza kufanyiwa vilevile. Nikachukua daftari, nikaandika tarehe, dalili, na kila hatua.

Hatua ya kwanza ilikuwa umeme unaoingia. Batri ikichoka, konvertisere hutoa umeme dhaifu au hukatika. Tulibeba kasha mpaka kwa jirani mwenye grupu, tukaliunganisha hapo. Dalili zilezile. Kwa hiyo pano na batri havikuwa na kosa.

Hatua ya pili, nyaya. Tulitoa waya wa ruta na kila kilichochomekwa, tukabakiza waya wa umeme tu. Hakuna kilichobadilika.

Hatua ya tatu, kasha bila diski. Nilizima, nikachomoa umeme, nikatoa diski mbili. Kabla ya kuzitoa nilibandika karatasi, moja nikaandika 1 na nyingine 2, maana zinapaswa kurudi kila moja mahali pake. Nikawasha kasha likiwa tupu. Taa ikapepesa, ikatulia. Kwenye telefone kasha likaonekana, likisema halina diski. Dada zangu, niliandika hilo kwa herufi kubwa. Kichwa cha kasha kilikuwa hai.

Zikabaki sababu mbili: ama diski imeharibika, ama chaja inayolisha kasha haiwezi kubeba mzigo.

Tunalo fundi mzee wa redio hapa mtaani, mwenye kipimo cha umeme. Alisoma kwanza maandishi yaliyo mgongoni mwa chaja: volti 12, ampe 5. Akanieleza kwamba volti ni nguvu ya kusukuma umeme, na ampe ni wingi wa umeme chaja inaoweza kutoa. Diski kubwa kama zile, zinapoanza kuzunguka, kila moja inaweza kuhitaji karibu ampe 2 kwa sekunde chache. Mbili ni karibu ampe 4, na bado hujahesabu feni na kichwa cha kasha. Zikishazunguka zinahitaji kidogo tu. Mzigo mkubwa uko pale mwanzoni, kama kuliondoa gari lililokwama kwenye tope.

Akapima chaja ikiwa haijaunganishwa na kitu: volti 12 na kidogo. Safi. Halafu akapima kasha likiwa limeungwa na diski zote mbili. Diski zilipojaribu kuanza, kipimo kikashuka mpaka 9. Akacheka, akasema, "Huyu ni mgonjwa anayeongea vizuri akiwa amelala. Mpe mtungi wa maji, utaona magoti."

Chaja ilikuwa imezeeka. Iliweza kuwasha taa na kuzungusha feni, ndiyo maana kila mtu alidhani umeme upo. Haikuweza kuamsha diski. Kila diski zikijaribu, umeme unaanguka, kasha linaanza upya, diski zinajaribu tena. Kasha lote lilionekana limekufa kwa sababu ya kitu kidogo kilichokaa chini ya meza.

Kutafuta chaja nyingine hakukuwa kazi nyepesi. Mtu mmoja alileta ya dekoda ya televisheni: volti 12, ampe 2. Tukaikataa, ingeanguka palepale kama ya kwanza. Mwingine alileta ya ordinatere, volti 19, kichwa chake kikaingia kwenye tundu vizuri kabisa. Hiyo ndiyo ya kuogopa. Ingeweza kuunguza kasha pamoja na diski. Fundi alinipa kanuni ambayo sasa naifundisha hata darasani: volti lazima ziwe sawasawa na zilizoandikwa, ampe ziwe sawa au zaidi, zisiwe pungufu, na kichwa kiwe na ukubwa uleule, upande wa chanya mahali pake. Kuingia kwenye tundu si ushahidi wa kufaa.

Chaja yenye kufaa ilipatikana Bukavu, na pamoja na usafiri ikafika franka 36.000. Hapo ndipo tulipokaa kikao ambacho baadhi yenu mmesikia kilikuwa kikali. Mama mmoja alisema tuitoe kwenye mfuko wa jamii wa AVEC. Mama mwingine, ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa kwa malaria, alisema polepole tu kwamba mfuko ule ni wa wagonjwa na wafiwa, na kasha si mgonjwa. Kulikuwa kimya. Binti ya yule bibi wa Kabambare alikuwepo, na hakuomba kitu. Alisema, "Mama yangu ameshakufa mara moja. Mtoto wa mwenzangu bado hajafa. Pesa ya mfuko iende hospitali."

Mwenyekiti aliuliza kama kila mmoja anaweza kutoa franka 1.500 nje ya mfuko, kwa muda wa majuma mawili. Tuko 24. Ilitimia kabla ya majuma mawili, na mama wawili walilipa kwa mchele, tukauuza. Mfuko haukuguswa. Mtoto alitoka hospitali.

Chaja ilifika kwa moto, imefungwa ndani ya kanga, siku ya 17. Fundi aliipima kwanza, halafu tukarudisha diski, 1 mahali pa 1, 2 mahali pa 2. Nikabonyeza. Sauti ya diski ikapanda, safari hii haikukatika. Taa ilipepesa kwa dakika nyingi, maana kasha lililozimika vibaya hujikagua kabla ya kufungua mlango. Wengine walitaka nilizime niliwashe tena. Nikasema tungoje. Taa ikatulia.

Hatukutazama hata picha moja kwanza. Tuliunganisha diski ya nje tuliyoazima, tukaanza kunakili, video za bibi mbele, halafu karatasi za watoto, halafu mengine. Kasha lililoamka leo linaweza kukataa kesho. Kazi ya kwanza ya siku ya kuamka ni nakala.

Video 10 zilifunguka. Ya tisa haikufunguka, na mpaka leo haijafunguka. Huenda iliharibika katika zile mara nyingi za kuanza na kukatika. Ilikuwa ile ya majina ya mashamba na mipaka. Binti yake alikaa kimya, halafu akaniuliza ni nani walikuwepo jioni ile. Tulikuwa sita. Tukawaita wote, tukakaa jioni mbili, kila mmoja akasema anachokumbuka, na mimi nikaandika. Tulipotofautiana niliandika maneno ya kila mmoja. Si sauti ya bibi, lakini majina ya majirani wa shamba yamepatikana, na watu wanne kati ya sita walilingana upande wa mto.

Watu wa Maniema tunazo sababu zetu za kujali mambo haya. Watoto wa darasa la sita nawafundisha habari ya Nyangwe, hapa petu, ukingoni mwa Lualaba. Tarehe 15 Julai 1871, watu wenye bunduki waliingia sokoni na kufyatulia risasi watu waliokuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake. Waliokimbilia mtoni walizama. Idadi iliyotajwa siku zile ni kati ya 330 na 400. Mzungu David Livingstone alikuwepo, akaona. Kabla ya hapo alikuwa amekaa miezi mingi Kabambare, ambayo yeye aliandika Bambarre, akiugua vidonda vya miguu.

Karatasi ilikuwa imemwishia, na wino pia. Aliandika aliyoyaona juu ya gazeti la zamani, akikatiza maandishi ya chapa, kwa wino uliotengenezwa kwa mbegu za mmea wa huku. Wino ule ulififia hata kurasa zikawa karibu hazisomeki. Lakini baadaye alinakili maneno yake kwenye daftari kubwa, na barua zake zikatoka mwaka 1872 mikononi mwa Stanley. Habari ya Nyangwe ikafika Ulaya, ikaongeza nguvu kwa waliotaka biashara ya watumwa ikomeshwe, na mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alikubali kufunga soko la watumwa la Zanzibar.

Zile kurasa za gazeti hazikutupwa. Zilitunzwa zaidi ya miaka 130 zikiwa hazisomeki vizuri. Mwaka 2010 na 2011 wataalamu walizipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, maandishi ya kwanza yakatokeza, na ikaonekana kwamba hayalingani na nakala kila mahali. Ndiyo maana nasema: kisichosomeka leo si kitupu, kitunze mpaka apatikane wa kukisoma. Na nakala ndiyo iliyobeba habari wakati asili ilipokuwa imelala.

Lakini kuna jambo lingine linaloniuma kila mwaka ninapofundisha somo lile. Tunajua jina la aliyeandika. Majina ya wanawake waliokuja na vikapu vyao siku ile, hakuna aliyetuachia. Bibi wa Kabambare alitaja jina lake mwenyewe mwanzoni mwa kila video, bila kuombwa, na jina la mama yake.

Sasa tufanye nini nyumbani? Sanduku letu la AVEC limeshatufundisha. Mtindo huu wa akiba ulianza na wanawake wa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa msaada wa CARE. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa mama watatu tofauti. Hatukufanya hivyo kwa kuwa mmoja wetu ni mwizi. Tulifanya hivyo ili jambo la wote lisitegemee nyumba moja. Kumbukumbu nazo ziwe hivyo. Ziwe nakala tatu. Ziwe kwenye vitu vya aina mbili, kwa mfano kasha na kadi memori. Na moja ikae nyumba nyingine, mbali kidogo. Kuwa na diski mbili ndani ya kasha moja hakutoshi, ingawa moja inaandika kama nyingine. Moto, radi au mwizi akija, atazikuta zote pamoja.

Kifaa kikikataa kuwaka, iwe kasha, ordinatere au redio ya kanisa, shikeni haya:

1. Andika dalili kabla hujagusa: taa gani, sauti gani, tangu lini.

2. Anza na umeme: batri, nyaya, chaja. Taa kuwaka si ushahidi kwamba chaja ina nguvu. Ipimwe ikiwa na mzigo.

3. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

4. Ukitoa diski, iandike namba. Isianguke, isikae karibu na maji.

5. Ukisikia diski inagonga kwa nguvu, ka, ka, ka, zima palepale, usijaribu tena na tena. Huo ni ugonjwa wa diski yenyewe, na kila jaribio linaikwaruza. Ngoja mtaalamu.

6. Skrini ikiuliza kama unataka kufomati, jibu ni hapana, mpaka ujue kwa hakika kwamba nakala ipo mahali pengine.

7. Zima kasha kwa kitufe chake jioni, kabla batri haijaisha. Kukatika ghafla kunaharibu vilivyokuwa vinaandikwa.

Neno moja la tahadhari. Karatasi za watoto na hesabu za akiba si za kuonyeshwa kila mtu, hasa nyakati hizi. Kadi memori isiandikwe jina la chama juu yake. Kasha na telefone viwe na neno la siri, na mwenye video aulizwe kwanza kama anakubali itunzwe na nani.

Video za bibi sasa ziko nyumba tatu, na moja ya nyumba hizo iko Kabambare, kwa ndugu wa binti yake. Picha za daftari ziko kwa katibu, kwa mweka hazina na ndani ya kasha.

Jumamosi hii, baada ya kuhesabu akiba, tutaanza kunakili za wengine. Mwenye telefone aje nayo ikiwa na chaji. Mwenye kadi memori aje nayo. Asiye na telefone aje na karatasi za watoto wake zikiwa zimefungwa vizuri zisiloane, tutazipiga picha hapohapo. Na mwenye bibi au mama mzee nyumbani asingoje kasha. Amwombe leo jioni aseme jina lake, jina la mama yake, na mahali alipozaliwa, na mtoto anayejua kuandika aandike kwenye daftari la shule.